Hedifoni za Baba Mkwe

Kusafisha hedifoni iliyotumika huanza na pua. Ukiinusa unamjua aliyeimiliki kabla yako: huyu alivuta sigara, huyu alipaka mafuta mengi kichwani, huyu alikimbia nayo miaka mitatu jasho likimtiririka na hakuifuta hata siku moja. Nina kibanda Mwanjelwa, hapa Mbeya, na huu ni mwaka wa kumi na moja nanusa vichwa vya watu nisiowajua.

Katoni ya mitumba ikifika namwaga vyote kwenye turubai na kuchagua. Mito ya masikio naivua, naloweka kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, nakausha kivulini, kwa sababu jua letu la milimani linapasua ngozi hata siku ya baridi. Plastiki naipangusa kwa spiriti. Wavu mdogo unaofunika spika nauchokoa kwa kijiti cha meno na mswaki laini, na hapo ndipo nta ya masikio inapotoka, na hapo ndipo wateja wanapogeuza sura. Nawaambia kitasa cha mlango wa choo cha stendi ni kichafu kuliko nta ya sikio, na kitasa wanakishika. Nina diploma ya elektroniki. Wapo wanaosikitika kwamba nimeisomea ili nichokoe nta. Mimi sisikitiki. Hedifoni chafu haitoki kibandani kwangu.

Ikiwa ina maiki, naijaribu kwa kuita, "Nyanya! Nyanya za Ilula, mama, shusha kioo!" Mafundi wenzangu husema moja, mbili, tatu. Mimi ni Mhehe, nimezaliwa Ilula pembeni ya barabara kuu, na kabla sijajua kuandika jina langu nilishajua kukimbia na ndoo ya nyanya kando ya basi na kupaza sauti ipite kioo kilichofungwa. Sauti hiyo sijaipoteza. Majirani wa kibanda wanajua nimefika kazini kabla hawajaniona.

Nasema haya ili ieleweke kwamba sikuwa mgeni wa masikio ya watu. Sikio moja tu ndilo lililonishinda, nalo lilikuwa ndani ya uzio wangu mwenyewe, Uyole.

Mume wangu, Asukile, ni Mnyakyusa. Kwa mila yao ya zamani mkamwana hamtazami baba mkwe usoni. Hampi mkono, haketi naye chumba kimoja, hasemi naye, na jina lake halitamki. Siku hizi wengi wameacha. Baba mkwe wangu hakuacha, na hakufanya hivyo kwa ubaya; kwake hiyo ndiyo heshima yenyewe, kama kuvua kofia kanisani. Ipo njia ya kulifungua jambo hilo. Katika ukoo wao, baba mkwe humtolea mkamwana kitenge mbele ya watu wa nyumbani, na tangu hapo wanaonana na kusemezana kama watu wengine. Mimi nilikaa miaka ishirini na mitatu bila kitenge. Sikuuliza. Kitu cha kupewa hakiombwi.

Jina lake hata hapa siliandiki. Limo kwenye Biblia, ni la mfalme wa mwisho wa Yuda kabla ya kwenda utumwani. Siku nikipangiwa kusoma sura hiyo kwenye umoja wa akina mama, nikifika hapo nasema "mfalme yule," na wenzangu wa Kinyakyusa wanainamisha vichwa kuficha kicheko.

Alipokuwa kijijini kwake mlimani haya yote yalikuwa mepesi, tulionana kwa mbali mara mbili kwa mwaka. Miaka mitatu iliyopita mama mkwe alifariki, na Asukile akamleta baba yake kwetu. Tulimjengea chumba kilichopakana na sebule ukuta kwa ukuta, mlango wake ukitazama bustani ya kabichi. Akitoka, mimi naingia. Nikivuka ua, yeye anakohoa kwanza ili nijue. Asukile ni dereva wa lori la mahindi, nusu ya wiki hayupo. Kwa hiyo chakula na maneno vilipelekwa na wifi yangu Jackline, mdogo wake Asukile, anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu na hana kazi asubuhi. Kila siku alirudisha sahani pamoja na neno moja kutoka kwa mzee: ndaga. Asante. Kwa miaka mitatu hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu, mimi na baba mkwe: wali, maharage, ndizi, ndaga.

Kisha masikio yake yakaanza kuondoka. Redio ilipanda mpaka jirani wa nyuma akaja kuuliza kama tuna sherehe. Kanisani alikuwa ameimba besi tangu ujana, na kule kijijini alifundisha kwaya miaka mingi. Jumapili moja alibaki nyuma ya wenzake kwa mstari mzima bila kujua, akaimba peke yake wote wamenyamaza. Hakurudi tena kanisani. Hospitali walimpima wakampa kifaa cha kuweka sikioni, kikampigia filimbi kichwani siku nne, akakifunga kwenye leso na kukiweka chini ya godoro.

Yote hayo ningeyavumilia. Lakini binti yangu Mercy anasomea ualimu Iringa, na wakati huo alikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha shule moja ya Kalenga. Kila Jumapili saa tisa alasiri alimpigia babu yake na kumwimbia wimbo mmoja kwenye simu, na babu alimwitikia kwa besi. Walianza mchezo huo Mercy akiwa na miaka sita. Jumapili moja Jackline alirudi na simu mkononi kabla hata dakika haijaisha.

"Kaniambia nikuambie umwambie Mercy asipige tena," alisema. "Kasema anaona midomo ya simu tu."

Nilimuuliza simu ina midomo wapi. Jackline akasema, "Wifi, usinichekeshe. Nimemwacha ameugeukia ukuta."

Mercy alilia kwenye simu, akaniuliza amemkosea babu nini. Nilimwambia hajamkosea, masikio ndiyo yamekosa. Lakini nilijua kilichokuwa kinatokea. Mtu mzima akianza kujitoa kwenye kitu kimoja kimoja, kwanza kanisa, kisha redio, kisha mjukuu, hajachoka na kelele. Anaaga.

Mimi si mtu wa kukaa na kusikitika. Katika katoni ya wiki ile nilipata hedifoni kubwa nyeusi, zile za kufunika sikio lote, spika zake nzima, mito imechakaa. Niliisafisha siku mbili, nikaibadilishia mito, nikaunganisha na amplifaya ndogo niliyoilehemu ndani ya kibweta cha sabuni. Asukile akamvalisha baba yake na kuchomeka kwenye redio. Aliniambia mzee alinyoosha kidole kimoja juu, kama mwalimu wa kwaya anayetaka sauti ya kwanza isubiri. Siku hiyo sahani ilirudi na ndaga mbili.

Baada ya wiki upande wa kushoto ulikufa. Asukile alikuwa njiani, hivyo Jackline ndiye aliyeniletea hedifoni mezani, akaniachia akaenda kuteka maji. Nikavua mto.

Ndani mlikuwa na nta, ngumu, rangi ya asali iliyoganda, imeziba wavu. Kwenye kingo za mto kulikuwa na mvi tatu, fupi. Nilikuwa sijawahi kuliona sikio la mtu huyo. Nilijua mgongo wake, kofia yake, kikohozi chake. Na sasa nta yake ilikuwa chini ya taa yangu. Miaka kumi na moja nimechokoa nta ya Wajapani na Wajerumani bila kufikiri, na pale kijiti kilibaki hewani. Nilijihisi nimefungua mlango wa chumba chake bila hodi.

Nikanawa mikono kwanza. Kwa kazi hiyo watu hunawa baada, siyo kabla. Nikaisafisha taratibu kuliko hedifoni yoyote niliyowahi kuishika, nikazitoa mvi moja moja kwa kibanio, na sikuzitupa kwenye ndoo. Nilizipeleka nje bustanini, nikaziachia kwenye kabichi. Sijui kwa nini. Upande wa kushoto ukaamka.

Hapo ndipo nilipopata wazo la maiki. Nilitoboa ukuta wa sebule, nikapitisha waya mwembamba mpaka kwenye kibweta chake, na huku sebuleni nikaning'iniza maiki juu ya meza, ncha yake ikiwa kwenye kipande cha sifongo. Mtu akisema sebuleni, mzee angesikia chumbani kwake. Angefuata sala za jioni. Simu ya Mercy ingewekwa mbele ya maiki na ingeingia nzima. Waya ungepita mahali ambapo mimi sikuruhusiwa kupita, na hakuna mila ambayo ingeguswa. Nilijisifu sana.

Ilikuwa Alhamisi. Asukile angerudi Jumamosi. Ningesubiri siku mbili tu haya yasingetokea, lakini Jumapili ilikuwa karibu na nilitaka kila kitu kiwe tayari. Jackline aliingia kwa mzee na hedifoni, mimi nikabaki sebuleni. Tulipatana kwamba sauti ikifika atagonga ukuta mara moja, ikiwa ndogo mara mbili, ikiwa kubwa mno mara tatu.

Hatukufikiri, hata mmoja wetu, nani atasema. Mmoja lazima awe kule amtazame uso, mwingine lazima awe huku kwenye maiki, na nyumbani tulikuwa wawili. Mkono wangu ukawasha maiki, mdomo wangu ukafanya kazi yake ya kila siku.

"Nyanya! Nyanya za Ilula, mama, shusha kioo!"

Ukuta haukugongwa. Nikaongeza sauti kidogo nikaita tena. Ndipo Jackline akaingia sebuleni mbio, kanga mkononi, macho yamemtoka.

"Wifi, umeingia kichwani mwa baba," alisema.

Nilizima. Nilikaa kwenye kiti. Jackline akanieleza kwamba mzee alishtuka, akashika hedifoni kwa mikono yote miwili, na nilipoita mara ya pili akaivua, akaiweka kitandani, akamwonyesha mlango. Akafunga kwa ndani.

Jioni hiyo sahani ilirudi tupu, amekula. Neno halikuja. Ijumaa vilevile. Nilimuuliza Jackline hakusema ndaga? Akasema hakusema. Nikamuuliza labda amesahau. Akanitazama kama mtu anayetazama mgonjwa.

Nilimpigia Asukile, alikuwa amelaza lori Makambako. Nilipofika kwenye nyanya alicheka mpaka nikasikia utingo wake anauliza kuna nini. Kisha akasema zamani mkamwana aliyemsemesha baba mkwe alirudishwa kwao akalete kuku. Nikamwambia kwetu Ilula kuku wapo, aseme tu niende. Alijua sijatania. Akasema, "Mama Mercy, acha nirudi."

Aibu haikuwa jambo lenyewe. Nimewahi kuaibika na sikufa. Nilichoogopa ni kwamba nimemwondolea mzee kitu cha mwisho. Alikuwa na redio na hedifoni, na sasa zilikuwa zimelala kitandani kwa sababu yangu, na Jumapili ingefika, simu ingelia, naye angeugeukia ukuta. Ningekuwa mimi, kwa mdomo wangu na haraka yangu, niliyemfungia Mercy mlango. Jumamosi sikufungua kibanda. Nilifua mapazia yasiyokuwa machafu.

Asukile alifika Jumamosi mchana. Alinawa, akaenda kwa baba yake, akakaa huko mpaka chai niliyomwekea ikapoa. Alipotoka aliniambia tu kwamba kesho baada ya kanisa Jackline aje, na kwamba nisiondoke nyumbani. Nilimuuliza ni mabaya? Akasema baba yake ameomba asiseme. Mume wangu hajui kusema uongo ila kunyamaza anajua.

Jumapili baada ya chakula tulikaa sebuleni watatu. Asukile alipita kwa baba yake, akarudi amebeba kitenge kwenye mikono yote miwili. Kilikuwa cha kijani na maua ya njano, hakijawahi kuvaliwa, mikunjo yake imefifia nyeupe kama makovu. Aliponiwekea magotini jambo la kwanza nililofanya ni kukinusa. Kilinuka dawa ya nondo na kidogo moshi wa jiko la kuni, na nikajua kimetoka kwenye sanduku la marehemu mama mkwe.

Asukile alisimama. Alisema anayosema si yake, ni ya baba yake. Kitenge hicho alikinunua mama mkwe mwaka Mercy alipozaliwa, akampa mumewe amtolee mkamwana. Mzee akasema mwakani. Mwaka uliofuata akasema mwakani. Mkewe alimkumbusha mpaka alipougua, na alipokufa mzee aliona haya kukitoa, maana watu wangeuliza kilikuwa wapi siku zote.

"Anasema sauti ya Alhamisi ndiyo sauti ya kwanza ya mtu kumfikia nzima tangu mama afe," Asukile alisema. "Hakuvua kwa hasira. Alikuwa analia, na Jackline yupo pale."

Jackline akasema naye alidhani ni mafua. Hakuna aliyecheka, ila mimi nilishukuru kwamba amesema kitu.

"Na anasema," Asukile akaendelea, "ameshavaa. Anataka akusikie kwanza. Kuonana baadaye."

Wakanitazama. Maiki ilikuwa inaning'inia palepale. Mimi, ambaye nimewahi kumjibu afisa wa soko mbele ya watu mia, nikaanza kuhesabu maua ya kitenge. Maneno ya miaka ishirini na mitatu yalikuwa yamekaa mahali fulani, nikayatafuta yote nisiyapate. Nilijifunga kitenge kiunoni juu ya gauni, ili mikono iwe na kazi. Nikawasha.

"Shikamoo, baba."

Kisha sauti ikaja kupitia ukuta wenyewe, siyo waya, nene na kubwa mno, kama ya watu wasiojisikia.

"Marahaba, mwanangu. Polepole. Mimi si basi."

Jackline alianguka kwenye kochi kwa kicheko. Asukile alitoka nje, akasema anaangalia lori, na lori halikuwepo, lilikuwa kwa tajiri mwenye lori. Mimi nilibaki nimeshika kingo za meza. Nikamwambia mzee, kwa sauti ya kawaida, kwamba nimesikia.

Saa tisa simu ikalia, Asukile amesharudi ndani. Nilimwambia Mercy asiulize kitu, aimbe tu. Akauliza babu yupo? Nikamwambia nimesema asiulize. Nikaishika simu mbele ya maiki. Alianza kwa woga, wimbo wao wa zamani, sauti ya kwanza, peke yake huko Kalenga. Mstari wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Nilikuwa natazama ukuta kana kwamba una uso.

Kwenye mstari wa tatu besi ikaingia. Ilikuwa na kutu, iliteleza, ikatafuta mahali pake kama mtu anayepapasa swichi, halafu ikapapata. Kule Mercy akasita nusu neno, akaendelea. Waliimba beti zote nne. Hakubaki nyuma hata mara moja.

Nilipokata simu nilisikia komeo. Halafu kikohozi, kile cha kuniambia niondoke njiani. Niliinuka kwa mazoea, nikafika mpaka mlango wa jikoni, ndipo nikakumbuka nina kitenge. Nikageuka.

Alikuwa amesimama mlangoni mwa sebule, kibweta cha sabuni mkononi, waya umemning'inia, hedifoni shingoni. Alikuwa mfupi kuliko nilivyodhani. Alikuwa na macho ya Mercy, au Mercy ana yake. Nilitakiwa kupiga magoti, na nilipiga, na nikiwa pale chini nikaona masikio yake kwa mara ya kwanza. Yalikuwa makubwa, na yalikuwa mekundu kwa juu, ngozi imechubuka mahali utepe ulipokaza.

Nilijua lipo neno linalofaa kusemwa wakati kama ule. Jackline alikuwa ananikonyeza nilitafute.

"Zinakubana, baba," nilisema. "Zilete nizilegeze."

Hakuwa na hedifoni masikioni, hakusikia. Alinitazama midomo, kisha akatazama mkono wangu niliounyoosha, akaelewa. Alizitoa shingoni mwake taratibu, akakunja waya vizuri kama mtu anayejua thamani ya waya. Hakumpa Asukile anipe. Hakumpa Jackline. Akainama, akaniwekea mkononi mwenyewe.

"Ndaga," alisema.

Mito ilikuwa bado ina joto.